Hitimisha, ng'amua, kisia: naomba kuelezwa tofauti

MamaKijana
Habari zenu wakuu. Kijana wangu yuko kidato cha pili, jana kaja na daftari la ufahamu limechorwa wino mwekundu. Kwenye habari kuna mzee anaingia ndani viatu vimejaa tope na koti linachuruzika maji, swali linauliza hali ya hewa ilikuwaje. Kijana kaandika "nimehitimisha mvua ilinyesha", mwalimu kakata, juu yake kaandika "nimeng'amua". Mimi nilidhani yote sawa tu, sasa mtoto ananiuliza tofauti na sitaki kumpa jibu la kubahatisha maana atalishika mpaka kwenye mtihani. Nisaidieni.

Mzee wa Sarufi
Dada, kung'amua ni akili kunasa jambo ambalo halijasemwa waziwazi, unaona tope, unaona koti, unajua. Kuhitimisha kumetoka kwenye kuhitimu, asili yake Kiarabu, mtoto wa madrasa akihitimu Kurani ina maana kafika mwisho. Kwa hiyo anayehitimisha ameshapanga hoja, sasa anafunga. Mfano: wote wenye meza soko lile wanalipa ushuru, shangazi ana meza pale, basi nahitimisha kwamba shangazi analipa. Kwangu mimi mtoto hakukosea kihivyo, ila ameruka hoja kaenda moja kwa moja mwisho, angetaja tope na koti kwanza mimi ningempa alama.

Binti_Pwani
Na asije akaweka kukisia. Hilo ni ndugu na kiasi, ni kupima kwa jicho, kama muuza duka anavyokisia kilo ya mchele kabla hajaweka kwenye mizani. Akiandika "nakisia" anasema hana hakika.

Mwl_Nakuru
Huku Kenya utasikia pia "kufikia mkataa", yaani kuhitimisha. Kosa ninalokutana nalo sana kwa wanafunzi ni "mwandishi anang'amua kuwa mzee amelowa", hapana, mwandishi anadokeza, msomaji ndiye anayeng'amua. Halafu mkumbushe ritifaa, ile alama ya ('), ni ng'amua, siyo ngamua.

MamaKijana
Asanteni sana jamani, hilo la kudokeza limenifungua macho. Tumekaa tumeandika upya: "Viatu vina tope na koti linachuruzika maji, kwa hiyo nimeng'amua kwamba mvua ilimnyeshea njiani." Iko sawa?

Mzee wa Sarufi
Iko sawa kabisa dada, na hapo hata angeweka "nahitimisha" nisingeikata, hoja zimeshatangulia.