"Put off" na "call off" zinatofautiana vipi? Msaada wa haraka wakuu

Nahau Tata: Wakuu, salaam. Nimekwama na barua ya Kiingereza kuhusu kikao. "Put off" na "call off" zote naona ni kikao kutofanyika. Naweza kutumia yoyote?

Kalamu Nyekundu: Hapana. "Put off" ni kuahirisha: kikao kipo, siku imesogezwa. "Call off" ni kukifuta kabisa. Jipime hivi: kama unataka kusema "mpaka Jumatatu", tumia "put off".

Bi Sarufi: Mimi naogopa zaidi mahali pa kiwakilishi. "Put off the meeting" na "put the meeting off" zote sawa, ila "it" lazima ikae katikati: "put it off". Na si vitenzi vyote vya aina hii vinavyopasuliwa: "look after it" ndiyo sahihi, "look it after" hakuna.

Mnyambuliko: Hama na hamia, si herufi moja tu imegeuza safari? Ndivyo na hivi. "Turn down" ya ombi ni kukataa, ya redio ni kupunguza sauti. Kariri kitenzi pamoja na nomino yake, usikikariri kikiwa peke yake.

Kalamu Nyekundu: Mleta uzi, barua bado unaiandika au imeshaenda?

Nahau Tata: Imeenda jana. Niliandika "The meeting has been called off". Tarehe mpya nitawatajia baadaye, kwa hiyo sioni haja ya kusahihisha. Wataelewa tu.

Mpekuzi: Mwanzo umekwama nayo, sasa imeenda jana. Hili linanukia zoezi la darasani. Kama barua ipo, weka mstari unaofuata.

Nahau Tata: Ipo, ndugu yangu. Unaofuata ni "We were put off by the rain". Nilimaanisha mvua ndiyo iliyofanya tuahirishe.

Bi Sarufi: Basi makosa ni mawili. Mtu akiwa "put off by" kitu, kimemkata hamu. Msomaji wako ameelewa kwamba kikao kimefutwa na mvua imewaondolea hamu, kwa hiyo hatasubiri tarehe yoyote. Tuma leo, kabla hawajaachia ukumbi: "The meeting has not been called off. It has been put off until a later date because of the rain." Ukitaka urasmi zaidi, weka "cancelled" na "postponed".