Darubini ya lenzi 90/900 au ya vioo 150/750: ipi ya kuanzia?

Mtazama_Anga
Wakuu, naomba tuzilinganishe hizi mbili. Moja ni ya lenzi: kipenyo mm 90, fokasi (umbali hadi nuru inapokutana) mm 900. Nyingine ni ya vioo: kipenyo mm 150, fokasi mm 750. Lengo ni Mwezi, Mshtarii na Zohali, baadaye galaksi na mawingu ya gesi.

LenziSafi
Kwa Mwezi na sayari, 90/900 haikuangushi. Nuru haikutani na kizuizi chochote njiani, hivyo mikanda ya Mshtarii inajitokeza vizuri. Udhaifu wa lenzi ni rangi: bluu hupinda kuliko nyekundu, kila moja ikakutania mahali pake, na Zuhura inazungukwa na ukungu wa zambarau. Karne ya 17 walipunguza kasoro hiyo kwa kurefusha fokasi; mwanaastronomia Hevelius alifikisha darubini yenye urefu wa mita 45 hivi. Mwaka 1758 Dollond, mtengenezaji wa lenzi wa London, alipata hataza ya lenzi pacha, lenzi mbili za glasi tofauti zinazorekebishana. Kwenye 90/900 zambarau ni hafifu. Kwenye 90/500 inakera.

KiooKikuu
Sawa kuhusu rangi, ila piga hesabu ya nuru. Nuru hufuata mraba wa kipenyo: 150×150 gawanya kwa 90×90, unapata 2.8. Kioo kidogo kilichokaa mdomoni mwa bomba, kikiwa na upana wa mm 47, kinaziba asilimia 10 ya eneo. Vioo vyote viwili hurudisha takriban asilimia 88 kila kimoja. Toa hasara zote hizo, bado unabaki na karibu mara mbili ya nuru ya 90/900, na kwa galaksi hapo ndipo penye uamuzi.

Tena kioo hurudisha rangi zote kwa pembe ileile, ndiyo maana Newton aliunda darubini ya vioo mwaka 1668. Kioo hushikiliwa mgongoni. Lenzi hushikwa ukingoni tu, ikiwa kubwa inajipinda kwa uzito wake. Lenzi ya kituo cha Yerkes, Marekani, ya 1897 iliishia kipenyo cha mita 1.02. Vioo vilifika mita 2.5 Mlima Wilson mwaka 1917, mita 5 Palomar mwaka 1948, vyote California, kisha kituo cha Keck, Hawaii, wakaunganisha vipande 36 kupata mita 10.

SkrubuTatu
Mkuu, ukichukua ya vioo ujue kuvipanga. Nyota ikitoa mkia upande mmoja hata ikiwa katikati, vioo vimehama. Weka nyota angavu katikati, kuza mara 150, vuruga ukali wa picha kidogo hadi uone pete zenye kivuli ndani. Kivuli kikiegemea upande, legeza skrubu za kufungia za kioo kikuu, zungusha moja ya skrubu tatu za kurekebishia robo mzunguko, rudisha nyota katikati, ndipo utazame tena. Wengi huruka hatua hiyo na kuzidi kuharibu. Kioo kidogo kiache kama kimekaa sawa.

Pia itoe nje nusu saa hadi saa moja kabla ya kutazama. Kioo chenye joto hufanya picha ichemke.

Mtazama_Anga
Nimeona tangazo la "kukuza mara 525". Inawezekana?

LenziSafi
Usiifuate hiyo. Ukuzaji ni fokasi ya darubini gawanya kwa fokasi ya lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia: 900 kwa 10 ni mara 90. Kikomo ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 180 kwa ya lenzi na 300 kwa ya vioo, na ni usiku mchache unaoruhusu 300. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Fedha iende kwenye stendi: gonga bomba kwa kidole, mtetemo usizidi sekunde mbili au tatu.

KiooKikuu
Kwa malengo yako, 150/750. Ila kagua kwamba kioo kikuu ni cha umbo la parabola. Cha duara kwa fokasi fupi hivyo hakikusanyi nuru mahali pamoja, na hakuna skrubu itakayokiponya.

SkrubuTatu
Na kwa Jua, kichujio kifunge mdomo wa bomba mbele. Vile vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na jicho likiungua halirudi.