Prolog: sheria zangu kimantiki ziko sawa ila programu inazunguka tu, nakosea wapi?

Mleta uzi:
Wakuu habari za muda huu. Hii ni wiki ya tatu najifunza Prolog (lugha ya kuandikia programu) na kuna kitu kinanitoa jasho. Nimeandika hivi (:- inasomwa "ikiwa", mkato kati ya masharti ni "na"):

mhenga(X,Y) :- mhenga(X,Z), mzazi(Z,Y).
mhenga(X,Y) :- mzazi(X,Y).

Data ni mbili tu, Asha mzazi wa Juma, Juma mzazi wa Neema. Ukizisoma hizo sheria kwa mdomo hazina kosa kabisa, sasa nikiuliza mhenga(asha,W) inazunguka weee mpaka inalalamika steki (kumbukumbu yake ya kazi) imejaa. Si tunaambiwa hii ni lugha ya mantiki, mpangilio hauna shida?

Bitikali:
Geuza mistari tu mkuu, wa pili uje juu.

Mleta uzi:
Nimegeuza. Juma katoka, Neema katoka, nikabonyeza nuktamkato kuuliza kama kuna mwingine, ikarudi kulekule.

Babu Kauli:
Lazima irudi. Hapo kuna vitu viwili unavichanganya. Maana ya programu kama yako, isiyo na ukanushi ("si kweli kwamba"), watafiti van Emden na Kowalski walishaieleza mwaka 1976: ni ile modeli ndogo kuliko zote, yaani yale tu ambayo sheria zako zinalazimisha yawe kweli. Kwa maana hiyo matoleo yako yote mawili ni sahihi na ni kitu kilekile. Ila Prolog haikai kuwaza modeli, inashuka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na kitu cha kwanza inachokutana nacho kushoto ni mhenga tena, kwa hiyo inajiuliza swali lilelile kabla haijashika chochote mkononi. Andika mzazi(X,Z), mhenga(Z,Y) itaisha, mradi data isiwe na mzunguko. Kama mzunguko upo, kwenye SWI-Prolog (toleo mojawapo la Prolog) weka :- table mhenga/2. juu ya faili, itakumbuka maswali iliyokwisha kujiuliza.

Dada Klozi:
Hiyo ya kuzunguka ina nafuu maana unaiona. Ogopa ukanushi, ile alama \+ (tuseme mtu(X) inawataja wote watatu, Asha, Juma na Neema):

hana_mtoto(X) :- \+ mzazi(X,_), mtu(X).

Uliza hana_mtoto(neema), inasema kweli. Uliza hana_mtoto(W), inasema false, hakuna mtu! X ikiwa bado tupu, \+ inauliza "hivi kuna mzazi yeyote duniani?", yupo, basi imeshindwa hapohapo. Ukianza na mtu(X) ndo \+ ifuate, Neema anatoka. Hapo mpangilio umebadilisha jibu lenyewe, na wala haikupi onyo.

Babu Kauli:
Kweli tupu. Mtafiti Clark mwaka 1978 alihalalisha ukanushi kwa kushindwa (kisichothibitika kinahesabiwa si kweli), lakini kwa sharti kigeu kiwe kimeshapata thamani. Prolog ya kawaida hailikagui sharti hilo.

Mleta uzi:
Duh. Ya mhenga imekubali, inaishia palepale baada ya majina mawili. Ila hizo \+ ninazo kama kumi na mbili kwenye faili lingine na zote nimeziweka mwanzoni, ngoja nikazifukue.