Warsha ya vitendo ya usalama wa mtandao: siku tatu zenye mada nyingi au siku tano zenye mada moja?

fundi_wa_zamu aliuliza:

Wakuu, salaam.

Nina miaka minne kwenye kitengo cha msaada wa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kusanidi ruta na swichi, kurudishia watu manenosiri waliyosahau, kushughulika na printa zinazogoma. Mwaka jana nilifaulu mtihani wa Security+, cheti cha msingi cha usalama wa kompyuta, na baada ya hapo nikahamishiwa upande wa usalama.

Wiki mbili zilizopita nikiwa zamu ya usiku ilikuja tahadhari: akaunti moja imeshindwa kuingia mara 340 ndani ya dakika sita, kisha ikaingia. Maana yake naijua, kwenye mtihani ningeiandika bila kusita. Lakini nilikaa mbele ya skrini dakika ishirini sijui nianzie wapi, mwishowe nikampigia simu mwenzangu na kumtoa usingizini. Akaniuliza swali moja tu: "Ni kuingia kwa aina gani?" Sikuwa na jibu.

Sasa ofisi imekubali kunilipia warsha moja. Ya kwanza ni ya siku tatu: udukuzi wa kimaadili, uchunguzi wa kidijitali, programu hasidi na usalama wa wingu (seva za kukodi kupitia intaneti), na mwisho unapewa cheti. Ya pili ni siku tano za kusoma logi (kumbukumbu za matukio ya kompyuta) na pakiti za mtandao (vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao), basi. Moyo unaniambia ya kwanza kwa sababu nina mapengo mengi. Waliowahi kukaa kwenye warsha za namna hii naomba mnishauri.

mama_pakiti alijibu:

Pole kwa usiku ule, mdogo wangu, na ulifanya vizuri kupiga simu badala ya kubahatisha. Nenda ya siku tano.

Mwaka huu ni wa tisa niko kwenye kazi ya kushughulikia mashambulizi. Nimehudhuria warsha sita kama mwanafunzi, na siku hizi nasaidia wakufunzi: napita kati ya meza kumwangalia aliyekwama. Warsha yangu ya kwanza ilifanana na hiyo ya siku tatu. Mkufunzi alikuwa mahiri, anachapa amri zinaonekana ukutani, sisi tunanakili. Siku ya kwanza mchana tuliingia kwenye Windows ya zamani kupitia tundu la usalama liitwalo MS17-010, lile lile ambalo programu hasidi ya WannaCry ilipitia Mei 2017 ilhali kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimetoka tangu Machi. Tukapiga makofi. Saa moja baadaye tuko kwenye wingu, kesho yake asubuhi programu hasidi. Nilirudi kazini najua amri za kuchapa, lakini ile mashine tuliyoishambulia sikuwahi kuifungua nikaona imeachwa na alama gani.

Warsha iliyonifunza kweli ilianza na zoezi linalofanana na tahadhari yako. Kila mtu alipewa mashine pepe mbili (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi), Kali, yaani Linux yenye zana za udukuzi, na Windows, kwenye mtandao uliofungiwa ndani ya laptopu yake. Tukatumia Hydra, zana ya kujaribu manenosiri mengi, kubahatisha nenosiri la akaunti moja kupitia Remote Desktop (njia ya kutumia Windows ukiwa mbali) mpaka likapatikana. Hapo mkufunzi akatuambia tuizime Kali, tusiiguse tena mpaka jioni. Muda uliobaki wote ulikuwa wa logi.

Ukifungua logi ya usalama ya Windows utakuta tukio 4625, kuingia kulikoshindikana, na 4624, kulikofaulu. Ndani ya kila moja kuna namba ya aina, na ndiyo aliyokuuliza mwenzako. 2 ni mtu aliyeketi mbele ya mashine yenyewe, 3 amekuja kupitia mtandao, 5 ni huduma ya mfumo, 10 ni Remote Desktop. Mimi nikaanza kutafuta 10 kwenye majaribio yaliyoshindwa. Hakuna hata moja, yote ni 3. Nikaamini nimeharibu mashine. Mkufunzi akaja, akatazama, akauliza: "Nenosiri linakaguliwa kabla skrini haijafunguka au baada?" Akaondoka.

Nilihangaika dakika arobaini. Kumbe pale ukaguzi unapofanyika mapema, kabla kikao hakijafunguliwa, Windows huuandika kama kuingia kwa mtandao, na 10 huja baadaye kwa yule aliyefaulu tu. Mtu anayetafuta 10 peke yake atayapita majaribio yote bila kuyaona. Ningesoma hilo kwenye slaidi ningelisahau kabla ya jioni. Nimelikuta kazini mara tatu tangu hapo, na kila mara nakumbuka mpaka kiti nilichokuwa nimekalia.

Baada ya mapumziko tulikuta kila mashine imefanyiwa jambo, nasi tuandike ni jambo gani, saa ngapi, kwa akaunti ipi. Wengine walikuta akaunti mpya, tukio 4720, kisha 4732 ikionyesha imeingizwa kwenye kundi la wasimamizi. Wengine logi tupu yenye 1102 tu, yaani imefutwa. Hao ikabidi warudi kwenye pakiti zilizonaswa na Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti.

Kwa hiyo kabla hujajiandikisha waandikie waandaaji. Waulize saa ngapi kwa siku ni za mazoezi, na kama kuna zoezi lisilo na hatua zilizoandikwa. Hilo la pili kwangu ndilo linaloamua. Uliza pia wasaidizi ni wangapi kwa idadi ya wanafunzi, na kama unaondoka na mashine pepe zako. Maabara inayozimwa siku ya mwisho inakunyima nusu ya faida.

Halafu jiandae. Laptopu iwe na RAM ya GB 16, uwezo wa mashine pepe uwe umewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), mafaili yao uyapakue nyumbani mapema kwa sababu ni makubwa. Nimeshuhudia watu wakipoteza asubuhi nzima kwa hilo tu. Na zana hizi usizielekeze kwenye mtandao wa ofisi bila ruhusa ya maandishi, hata kama nia yako ni njema.

kijana_wa_logi alijibu:

Namuunga mkono mama_pakiti kwako wewe mwenye kazi tayari. Asiye na kazi bado ningemwambia tofauti kidogo. Mimi nilianza na warsha pana, na ndiyo iliyonionyesha kwamba kushambulia hakunivutii, kulinda ndiko. Cheti nacho kiliniitisha kwenye usaili, siwezi kukibeza. Ila kwenye usaili wenyewe waliniwekea faili la pakiti mezani, na hapo cheti hakikunisaidia.

Ukimaliza warsha, rudia zoezi moja ndani ya wiki hiyo hiyo, peke yako, karatasi ya maelekezo umeifungia kabatini.

fundi_wa_zamu alirudi:

Dada mama_pakiti, shikamoo, na asante sana. Kijana_wa_logi, nashukuru pia. Niliwaandikia wote wawili. Wa siku tatu wakanitumia tena ratiba ile ile. Wa siku tano wamejibu kila swali: siku mbili za mwisho hazina maelekezo kabisa, na mashine unaondoka nazo. Nimejiandikisha huko.

Sikuweza kusubiri, jana nimetengeneza mashine mbili kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe. Nikakosea nenosiri mara kumi kwa makusudi kupitia Remote Desktop. Yote kumi yameandikwa 3. Nilipoingia sawasawa nikaona 3, kisha 10, kama ulivyosema.

Leo nikaomba ruhusa nikafungua logi za usiku ule. Yote 340 ni aina ya 3, kutoka anwani moja ya ndani: seva ya nakala rudufu. Nenosiri la akaunti ile lilikuwa limebadilishwa jioni, programu ikaendelea kujaribu la zamani hadi mtu akaiwekea jipya. Lile la kufaulu nalo ni 3, kutoka seva hiyo hiyo, na aliyebadilisha amethibitisha saa.

Mkuu wangu ameridhika tukafunga tahadhari. Lakini kuna jambo linanikosesha raha: mara 340, na akaunti haikujifunga. Kesho asubuhi naanza na hilo.