Naomba ushauri: uzi na sindano za kupanda nazo mlimani

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, Kilimanjaro, napandaga sana njia ya Machame, na kule juu mkanda wa begi ukikatika au hema likichanika fundi hakuna na usiku baridi ni kali. Nabebaga kikopo chenye sindano, uzi na kiwembe, ila uzi wa cherehani hata niukunje mara mbili unakatika palepale mkanda unaposhikana na begi, mzigo wenyewe kilo 20. Nikajaribu uzi wa fundi viatu, huo unashika kweli ila sindano yake inaacha tundu kubwa kwenye hema mvua inapita. Je kuna uzi mmoja unaofaa kote au nibebe aina mbili? Na sindano gani inapita mkanda mnene bila kuvunjika? Natanguliza shukrani.