Klabu ndogo ya jazz Kahawa West: bendi ikipiga, wateja wanaongea. Nifanyeje?

MamaAlhamisi:

Hamjambo wapenzi wa muziki. Nina klabu ndogo hapa Kahawa West, ghorofa ya kwanza, viti 40 na kaunta. Alhamisi jioni ni jazz: kibodi, gitaa la besi, drams na saksafoni. Vijana wenyewe ni hodari, nikiwasikiliza najua kwa nini nilikodi hiki chumba. Shida ni wateja. Wimbo ukianza wanatulia kidogo, lakini mpiga saksafoni akiingia tu solo, zamu yake ya kubuni peke yake, kila meza inarudi kwa hadithi zake. Nyimbo za taratibu ndizo zinaumia zaidi, besi haisikiki kabisa. Basi kijana wa saksafoni anaongeza sauti, wateja nao wanaongeza, na ikifika saa nne jirani wa ploti ya pili ananipigia simu. Wengine wanamtuma weita na karatasi: "Waambie wapige rumba."

Mwenzangu tuliyeweka pesa pamoja anataka Alhamisi tulete mugithi. Mtu mmoja na gitaa lake, gharama chini, watu wanaimba naye. Mimi sitaki kuiacha jazz. Waliozoea kazi hii, niambieni: chumba kinafanywaje kiwe cha kusikiliza?

Eastlando77:

Dada, televisheni iko wazi? Hata ukitoa sauti, macho ya watu yanafuata mpira. Izime kabisa bendi ikipanda. Alhamisi mara nyingi ni Europa tu, Champions League kwa kawaida inachezwa Jumanne na Jumatano, hutapoteza wengi.

BrashiNaTuazi:

Dada, mimi ni mpiga drams. Nimepiga hoteli za Westlands, nimepiga harusi, nimepiga vyumba vidogo kama chako, na vyumba vidogo ndivyo navipenda kuliko vyote. Inaniuma nikiona kimoja kinafungwa kwa jambo ambalo lingerekebishika.

Anza na sauti ya bendi yenyewe. Usimwambie mteja anyamaze, amelipa na ametoka kazini. Shusha bendi. Chumba cha viti 40 hakihitaji maikrofoni kwenye drams, na saksafoni haihitaji maikrofoni hata kidogo, pumzi ya mtu inakijaza. Mwambie mpiga drams aweke fimbo chini kwenye nyimbo za taratibu ashike brashi, zile za nyuzi nyembamba zinazopangusa ngoma badala ya kuigonga. Kibodi na besi ndizo zenye amplifaya, basi zipimwe kwa saksafoni isiyo na maikrofoni, zisizidi hapo. Bendi ikiwa juu, mteja lazima apaaze sauti ndipo mwenzake amsikie. Ikiwa chini, anayepaaza anasikika peke yake chumba kizima, na atajishusha mwenyewe bila kuambiwa.

Jirani naye usibishane naye. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kwa makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Hiyo ni chini ya watu wawili wanaozungumza kawaida, kwa hivyo ukifika huko huna la kujitetea. Hamisha bendi ukuta ulio mbali naye, weka zulia zito chini ya drams, funga madirisha ya upande wake. Halafu anzeni saa kumi na mbili na nusu, mmalize saa tatu na nusu. Anayetoka mjini kwa Thika Road afike moja kwa moja kwako kabla hajaingia nyumbani, kwa sababu akishavua viatu hatoki tena.

Usivunjike moyo pia. Kule New York kuna klabu ya chini ya ardhi, Village Vanguard, iliyofunguliwa 1935. Ni chumba kidogo, watu mia moja na kitu tu. Juni 1961 mpiga piano Bill Evans alirekodiwa pale na wenzake wawili, muziki ambao wapiga piano wa jazz dunia nzima wanausoma mpaka leo, na ndani ya rekodi hiyo unasikia glasi zikigongana na watu wakiongea. Piano haikugombana nao.

Sasa hizo karatasi za rumba. Tafadhali usizidharau. Mpenzi wa rumba ana sikio la jazz tayari. Amezoea kukaa akingoja sebene, pale magitaa yanapochukua wimbo, anajua gitaa la solo linapopanda na linaposhuka, na akikosea mpiga gitaa atamwona. Anachokosa pale kwako ni wimbo wa kushika. Jazz inapigwa hivi: wimbo wenyewe kwanza, kisha kila mtu anabuni kwa zamu juu ya chords, mpangilio wa sauti, za wimbo huo huo, kisha wimbo unarudi. Kama hakuujua wimbo tangu mwanzo, solo kwake haina mlango. Wamarekani wenyewe walichukua nyimbo za maigizo ya Broadway, nyimbo ambazo kila mtu mtaani alikuwa akizijua, wakazigeuza. Kwa nini vijana wako wapige nyimbo ambazo mteja wa Kahawa West hakulelewa nazo, jioni nzima?

Wape kazi hii: kila wiki wimbo mmoja wa hapa. Za wakongwe wetu, Fundi Konde na Daudi Kabaka, hata wa kanisani ambao kila mama anaujua. Mpiga saksafoni aupige mara mbili bila mapambo, polepole, watu waushike. Ndipo aondoke nao. Angalia meza zitakavyogeuka. Nairobi Horns Project wametia midundo ya Kenya ndani ya tarumbeta na trombone zao, Juma Tutu amechanganya jazz na midundo ya pwani, na hakuna aliyesema hiyo si jazz.

PembeYaKoro:

Mimi tarumbeta nilijifunzia Korogocho, Ghetto Classics, mradi wa kufundisha vijana muziki ulioanza 2008. Tuko wengi tunaopuliza na hatuna mahali pa kupiga jazz na watu wazima. Dada, nusu saa ya mwisho waachie vijana wapande na bendi. Kijana mmoja atakuja na dada yake, na mamake, na rafiki wawili, na hao wote watakuwa wamenyamaza, kwa sababu wamekuja kumsikia mtu wao.

MamaAlhamisi:

Asanteni sana. Televisheni nitazima. Hiyo ya nusu saa ya vijana imenigusa, PembeYaKoro, karibu wewe wa kwanza. Mzee BrashiNaTuazi, mbili bado zinanisumbua. Bendi nawalipa kwa asilimia ya kaunta, wiki mbaya wanapata nauli tu, na mpiga besi ameanza kutuma mtu badala yake. Na mwenzangu na mugithi yake nimwambie nini?

BrashiNaTuazi:

Hapo kwa mpiga besi ndipo pa kushughulikia kwanza, kabla hata ya zulia. Besi na drams zikibadilika kila wiki hakuna bendi, kuna watu wanne wanaotafutana mbele ya wateja. Wateja wanaongea pia kwa sababu wanausikia huo wasiwasi, hata kama hawajui ni nini.

Achana na asilimia. Wape kiasi kisichobadilika, hata kikiwa kidogo, usiku huo huo kwa M-Pesa kabla hawajafunga vyombo. Weka kiingilio kidogo mlangoni kuanzia bendi inapopanda, na hicho kiwe chao juu ya malipo, si chako. Chakula wapewe, lakini chakula kisihesabiwe kama mshahara. Nimeona wapiga besi wazuri sana wa mji huu wakienda kuuza vifaa vya simu kwa sababu ya sahani ya chipsi iliyoitwa malipo. Leseni ya muziki ni wewe mwenye chumba unalipa, usiwakate wao.

Halafu watu wale wale, Alhamisi ile ile, bila kukatiza. Vanguard wana bendi kubwa ya Jumatatu iliyoanzishwa na Thad Jones na Mel Lewis Februari 1966. Waanzilishi wote wawili wamefariki na bendi bado inapiga Jumatatu. Mteja akijua bila kuuliza kwamba Alhamisi saa moja bendi imeshapanda, atapanga wiki yake hivyo.

Mwenzako mpe mugithi Jumamosi. Ni muziki wa watu, unauza, na pesa yake italipa bendi yako ile wiki ya mwisho wa mwezi ambapo Alhamisi mfuko wa mteja ni mtupu. Kaeni chini muandike: Jumamosi yake, Alhamisi yako, hakuna anayegusa ya mwenzake kwa miezi sita.

Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazz. Hata ikiangukia Jumatatu, fungua. Nitakuja na brashi zangu, kijana wako wa drams akikubali kunipa wimbo mmoja.

Eastlando77:

Kiingilio ni ngapi? Na nyama choma iko?

MamaAlhamisi:

Mia mbili, na nyama iko, lakini jikoni tutakata nyama kabla bendi haijapanda. Lile panga linasikika mpaka kwenye besi.