Kupima programu-jalizi ya WordPress kabla ya kubadili toleo la PHP

Mjenzi: Habari za kazi, wanajamvi. Programu-jalizi yangu ya kutoa risiti katika WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) ilifanya ukurasa wa malipo wa mteja ubaki mweupe mara alipohamia PHP 8 (toleo la lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo), ingawa katika readme.txt, faili la maelezo ya programu-jalizi, nilikuwa nimetangaza kwamba imejaribiwa hadi toleo la karibuni la WordPress. Je, inawezekana majaribio yajiendeshe yenyewe, bila mimi kubofya kila kitufe?

Fundi: Ndugu, tangazo la readme.txt hujazwa na mwandishi mwenyewe, wala si uthibitisho. Kwanza fungua kumbukumbu za makosa. Nashuku utakuta create_function, amri ya zamani ya PHP ya kuunda kitendaji, iliyoondolewa kabisa katika PHP 8.0 mwaka 2020. Kisha andika majaribio kwa PHPUnit (zana ya kupimia msimbo wa PHP) na uyaweke GitHub Actions (huduma ya GitHub inayoendesha kazi zenyewe), yaendeshwe kila unapopandisha msimbo, kwa kila muungano wa toleo la PHP na toleo la WordPress: manne kwa matatu ni mizunguko 12, nayo huenda sambamba.

Bi Seva: Naongeza kwamba PHPCompatibility, zana ya kukagua kama msimbo unaendana na toleo fulani la PHP, husoma msimbo bila kuuendesha, hivyo ingalilinasa kosa hilo mapema, lakini haiwezi kuona mgongano na programu-jalizi nyingine. Kwa hilo, sakinisha WooCommerce (programu-jalizi ya duka la mtandaoni) katika mazingira ya majaribio, kisha Playwright, zana ya kuendesha kivinjari kiotomatiki, ifungue kivinjari na kulipia kikapu cha mfano hadi risiti itoke. Majaribio ya kivinjari ni ya polepole, kwa hiyo mimi huyaendesha usiku tu.

Mjenzi: Nimeikuta, mstari wa 214, create_function kama ulivyosema. Asanteni sana.